Jinsi ya kusikiliza muziki wa Romantiki: itafute do, kisha usubiri

Watu wazima wanaokuja kwangu kujifunza piano huwa wameshaandaa swali: nianze na Chopin au Beethoven? Nawaambia waanze na noti moja. Wengine hukunja uso, maana walitarajia orodha. Orodha nitaitoa, ila noti kwanza.

Muziki wa Ulaya wa karne ya 19, huu tunaouita wa Romantiki, huelezwa kwa maneno ya moyoni: shauku, machozi, dhoruba, mbalamwezi. Sibishi kwamba hayo yamo. Tatizo ni kwamba hayamsaidii anayesikiliza kwa mara ya kwanza. Ukiambiwa "hapa pana huzuni kuu" nawe usiisikie, utajiona huna sikio, utazima na kurudi kwenye muziki uliouzoea. Mimi nafundisha kitu kinachoshikika. Kila kipande cha muziki wa namna hii kina noti yake ya nyumbani, na watunzi wa Romantiki walikuwa mabingwa wa kukutoa nyumbani na kukuchelewesha kurudi. Waliokuchelewesha kwa sekunde chache walifuatwa na waliokuchelewesha kwa dakika kumi, kisha akaja mmoja akakuchelewesha kwa saa nne. Ukijifunza kuupima uchelewaji huo kwa sikio lako, hisia zitakuja bila kutangaziwa.

Ijue nyumbani

Imba do re mi fa so la ti, halafu nyamaza. Usimalizie. Huo usumbufu unaousikia kifuani, ile hamu ya kuitoa do ya juu ili mambo yaishe, ndio mtaji ambao karne nzima iliutumia kufanya biashara yake.

Sasa tafuta Sonata ya piano ya Mozart ya C meja, K. 545 (meja ni mpangilio wa noti wenye mwanga, maina ni ule wenye giza). Aliiandika mwaka 1788, kabla ya Romantiki, na aliiandikia wanaoanza. Noti ya kwanza kabisa ya mkono wa kulia ndiyo do, yaani nyumbani. Idake, uivume mdomo ukiwa umefungwa, na uendelee kuivuma piano ikicheza. Mara utapatana nayo, mara utagombana nayo, mara utapatana tena. Angalia jinsi magomvi yalivyo mafupi. Mozart anatoka, anarudi, anatoka, anarudi, na adabu yake haimruhusu kukuacha nje muda mrefu. (Ana ujanja wake, hata hivyo: mada ya mwanzo inaporejea katika sehemu ya kwanza, inarejea kwenye ufunguo usio wake, yaani kwenye do nyingine. Tuliache hilo.)

Rudia zoezi hili mpaka uweze kuivuma do hata baada ya kusimamisha muziki katikati. Ukiweza hivyo, una kifaa chote unachohitaji. Kusoma noti si sharti.

Tengeneza simu yako

Zima uchezaji wa kuchanganya (shuffle). Simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, ina sehemu tatu, nne au tano zilizopangwa kwa makusudi, na programu za muziki huzihesabu kama nyimbo mbalimbali, kwa hiyo usipouzima utapewa sehemu ya tatu ya simfoni ya Brahms ikifuatiwa na ya kwanza ya mtu mwingine. Zima pia ile huduma inayosawazisha sauti. Halafu panga sauti kwa kutumia mahali penye kelele kubwa kuliko pote, kisha usiiguse tena.

Hili la mwisho watu hulipuuza, na ndipo wanapokosa nusu ya muziki. Katika sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, ya mwaka 1893, wimbo unazidi kufifia mpaka kwenye alama sita za p, maana yake chini, chini, chini mpaka basi. Ukiongeza sauti hapo ili usikie vizuri, okestra nzima italipuka sekunde inayofuata na utazirusha spika za masikioni mezani. Tchaikovsky alitaka ujikunje kusikiliza. Mkubalie.

Na usisikilize ukiwa unafanya kazi. Zipo orodha ndefu za "muziki wa kutuliza akili" zilizojaa Chopin, na mimi nazichukia waziwazi. Chopin hakuandika ili utulie.

Dakika mbili za Chopin

Anza hapa: Preludi ya E maina, namba 4 katika mkusanyo wa preludi 24, opus 28, uliochapishwa mwaka 1839. Ni ukurasa mmoja tu. Mtunzi alikuwa Mpoland aliyeondoka Warsaw mwishoni mwa 1830 akiwa na miaka 20, na hakuiona tena nchi yake.

Isikilize mara ya kwanza bila kufanya chochote. Mara ya pili fuata mkono wa kulia peke yake. Utashangaa jinsi usivyofanya kitu: noti moja ndefu, inapanda kidogo, inarudi, inapanda kidogo, inarudi. Ungeweza kuuimba wimbo huo hata kama huimbi. Mara ya tatu achana na wimbo, fuata mkono wa kushoto. Pale ndipo mambo yanapotokea. Mkono wa kushoto unagonga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, moja baada ya nyingine kwa utulivu, na kila baada ya mapigo machache noti moja ndani ya kodi inateleza chini kwa nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye piano. Moja tu. Kisha nyingine. Kila mteremko unaifanya ile noti ya juu isiyohama ionekane imebadilika, ingawa ni ileile. Kilichobadilika ni ardhi chini yake.

Sasa ivume do ya hapa, ambayo ni E. Utaona hata kodi ya kwanza haikai sawasawa: ni kodi ya nyumbani, lakini noti ya chini kabisa si ya nyumbani, kwa hiyo imesimama kwa mguu mmoja. Katikati wimbo unaanza upya kana kwamba safari hii utafika, unapandisha hasira kidogo, unatulia, halafu unasimama kimya juu ya kodi isiyo na mwelekeo. Kimya hicho ni sehemu ya muziki, usipapase simu. Baada yake zinakuja kodi tatu za taratibu, na ya tatu ndiyo nyumbani, safari hii E ikiwa chini inapostahili. Chopin alipozikwa Paris, Oktoba 1849, preludi hii ilipigwa kwa ogani kanisani Madeleine.

Nikikaa na mwanafunzi kwenye piano, humpigia mbili za kwanza kati ya kodi hizo tatu na kuiacha ya mwisho. Hakuna aliyewahi kunyamaza. Wote hudai.

Ukitoka hapo nenda kwenye Nokturni yake ya E-flati, opus 9 namba 2, ujaribu kupiga makofi kufuata mapigo. Utapotea, na ndivyo inavyotakiwa. Mpiga piano anaikopa hapa sekunde na kuilipa pale. Waliofundishwa na Chopin walisimulia kwamba alitaka mkono wa kushoto ushike mwendo na wa kulia uwe huru. Sikiliza ikipigwa na Arthur Rubinstein, kisha na mpigaji mwingine yeyote, uone kila mmoja anachelewa wapi. Kuchelewa si kwa noti tu, hata saa yenyewe inavutwa.

Nyimbo: piano inapokujua kuliko unavyojijua

Franz Schubert alifariki Vienna mwaka 1828 akiwa na miaka 31, ameacha nyimbo zaidi ya 600 za mwimbaji mmoja na piano. Chukua aliyoiandika Oktoba 1814, akiwa na miaka 17, kutoka katika tamthilia ya Goethe: Gretchen am Spinnrade. Msichana amekaa kwenye gurudumu la kusokotea uzi, anamwaza mwanamume. Tafuta tafsiri ya maneno, uisome mara moja, kisha uiweke pembeni.

Mkono wa kulia wa piano ni gurudumu, linazunguka bila kukoma. Msichana anasema utulivu umemtoka, na piano tayari ilikuwa imeshasema hivyo kabla yake. Anaanza kumsifia yule mtu: mwendo wake, tabasamu lake, macho yake, na muziki unapanda, unapanda, mpaka anafika kwenye busu. Gurudumu linasimama. Neno la busu linaning'inia juu ya kodi isiyotulia, na kwa mara ya kwanza tangu wimbo uanze hakuna kinachozunguka. Halafu sikiliza kwa makini: piano inajaribu kuzungusha, inakwama. Inajaribu tena, inakwama. Mara ya tatu ndiyo inaendelea. Mguu wa msichana umesahau kazi yake. Hakuna neno lolote linalolieleza hilo, ni piano peke yake.

Ukishaupenda huo, msikilize Schubert huyohuyo katika Erlkönig, wa mwaka 1815, ambamo mwimbaji mmoja anaigiza watu wanne: msimulizi, baba, mtoto mgonjwa na kiumbe anayemwita mtoto. Kila mtoto anapomlilia baba yake, kilio kinaanzia juu zaidi ya kilichopita. Mpiga piano naye ana vita vyake, maana mkono wa kulia unarudiarudia noti zilezile kwa kasi ya farasi hadi misuli inawaka.

Kisha Schumann. Robert Schumann alitunga nyimbo zaidi ya 100 mwaka 1840, mwaka aliomwoa Clara Wieck baada ya kupigana mahakamani na baba yake Clara. Sikiliza wa kwanza katika mfululizo wa Dichterliebe, Im wunderschönen Monat Mai. Hauzidi dakika mbili. Ni Mei, maua yanachanua, kijana anasema amemtamkia binti hamu yake. Jaribu kuivuma do. Utaitafuta na hutakuwa na uhakika, kwa sababu piano inaashiria nyumba moja na mwimbaji anatulia kwenye nyingine. Mwisho wa wimbo piano inarudia maneno yake ya mwanzo na kukatika pale, kwenye kodi inayodai kodi nyingine ambayo haiji. Wimbo umeisha. Kijana hakujibiwa. Mtu asiyejua atadhani rekodi imekatwa.

Clara mwenyewe usimpite. Aliipiga Koncheto yake ya A maina, yaani kazi ya piano na okestra, mjini Leipzig mwaka 1835, akiwa na miaka 16, Felix Mendelssohn akiongoza okestra. Na dada yake Mendelssohn, Fanny, aliandikiwa na baba yao mwaka 1820 kwamba muziki huenda ukawa kazi ya Felix, lakini kwake yeye uwe pambo tu. Baadhi ya nyimbo zake zikachapishwa kwa jina la kaka. Mwaka 1842 Malkia Victoria alimwalika Felix, akachagua kumwimbia wimbo alioupenda kati ya zake, Italien, na Felix ikabidi akiri mbele yake kwamba huo ni wa Fanny. Ukitaka kumsikia Fanny bila kivuli cha mtu, tafuta Das Jahr ya 1841, vipande vya piano vya miezi 12 ya mwaka. Anza na Septemba.

Sasa okestra

Usianze na simfoni nzima. Anza na Vltava ya Smetana, ya mwaka 1874, ambayo ni mto wa Bohemia kutoka chemchemi hadi Praha. Filimbi ni kijito kimoja, klarineti ni kingine. Wimbo mkubwa wa fidla ni mto wenyewe, nao uko kwenye maina. Subiri mpaka karibu na mwisho, mto unapofika jijini, wimbo uleule unageuka kuwa meja. Do haikuhama, ila ni kama mtu amefungua madirisha. Ni kazi ya dakika kama 12 na haijawahi kunikosea kwa anayeanza.

Baada ya hapo, Simfoni ya Tatu ya Beethoven, Eroica, iliyopigwa hadharani mara ya kwanza Vienna mwaka 1805. Utasimuliwa sana habari za Napoleon na jina lililofutwa kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Ni kweli, nakala yenye tundu ipo. Lakini mimi nakuomba usikilize mambo mawili. La kwanza liko mwanzoni kabisa: kodi mbili kama mlango unabamizwa, kisha selo, fidla kubwa za sauti nzito, zinaanza wimbo rahisi uliojengwa kwa noti za nyumbani, na baada ya sekunde chache tu zinateleza kwenye noti isiyo ya ukoo. Mozart angekuwa amesharudi. Beethoven ametumia sekunde hizo kuvunja mlango, na atahitaji robo saa kuukarabati.

La pili liko mbali zaidi ndani ya sehemu hiyohiyo. Okestra imehangaika, imepiga makelele, imechoka. Fidla zinatetemeka kwa sauti ndogo sana, bado ziko nje, zinangoja ruhusa ya kurudi. Ghafla pembe moja inaingia na wimbo wa mwanzo, nyumbani kabisa, huku fidla hazijafika. Inagongana nazo waziwazi. Katika mazoezi ya kwanza Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alidhani mpiga pembe amekosea kuhesabu, akamlaumu kwa sauti. Beethoven nusura amzabe kibao. Pembe ilikuwa imeandikwa hivyo: kuna mtu mmoja katika okestra aliyeshindwa kusubiri.

Tatu, Symphonie fantastique ya Hector Berlioz, iliyopigwa Paris tarehe 5 Desemba 1830. Berlioz alimwona mwigizaji Harriet Smithson jukwaani mwaka 1827 akiwa Ophelia katika Hamlet ya Shakespeare, akachanganyikiwa, akaandika simfoni ya sehemu tano kuhusu msanii anayeota kwa afyuni. Mwanamke ni wimbo mmoja. Kazi yako ni kuwinda wimbo huo. Utaupata kwanza baada ya utangulizi wa polepole, fidla na filimbi pamoja, bila okestra kuusindikiza ipasavyo, ni mapigo machache tu ya chini kama moyo. Uimbe mpaka uushike. Sehemu ya pili umo kwenye dansi, ya tatu umo shambani. Ya nne msanii anapelekwa kuuawa, na kabla tu panga halijashuka klarineti moja inauanza, peke yake, haifiki mbali. Kodi moja, kichwa kimeanguka. Ya tano ni mkutano wa wachawi, na yule mwanamke anakuja naye, wimbo wake sasa ukipigwa na klarineti ndogo yenye sauti kali, ukirukaruka kwa dharau. Halafu kengele, na chini yake wimbo wa kale wa kanisa wa siku ya hukumu, Dies irae. (Walioana mwaka 1833. Ndoa haikudumu.)

Hadithi ya kuuvisha wimbo mmoja mavazi tofauti kila mtu anapobadilika iandike mahali. Tutaihitaji.

Saa nne za Wagner, kwa dakika 18

Subira yavuta heri, lakini Richard Wagner aliivuta subira yenyewe. Opera yake Tristan und Isolde ilishindikana Vienna baada ya mazoezi zaidi ya 70, ikaonekana hatimaye Munich tarehe 10 Juni 1865. Usiitazame yote. Fanya wanavyofanya kwenye kumbi: utangulizi wa okestra, kisha ruka moja kwa moja hadi mwisho, wimbo wa Isolde unaoitwa Liebestod. Kwa pamoja ni dakika kama 18.

Selo zinaanza peke yake, zinapanda, zinashuka, na zinakutana na kodi ambayo wanamuziki bado wanabishana jinsi ya kuipa jina. Kodi hiyo inaelekea kwenye nyingine inayodai do. Kimya. Inaanza tena juu zaidi, inadai do nyingine. Kimya. Jaribu kuvuma noti ya nyumbani kama ulivyofanya kwa Mozart. Kila unapoipata anaihamisha. Kwa dakika kumi na kitu muziki unapanda na kuvimba na kila lango unaloliona mbele linageuka kuwa njia nyingine, kisha utangulizi unajifia bila kufika.

Sasa mwisho. Muziki wa Liebestod ni uleule ambao katika tendo la pili wapenzi waliuimba usiku, ukapanda hadi ukingoni mwa kufika, na hapo wakafumaniwa. Kufika kukakatwa. Safari hii hakuna wa kuukatiza. Unapanda, unapasuka, unatulia, na katika sekunde za mwisho kabisa obo zinarudia ile hamu ya mwanzo na kuipeleka panapotua. Hatimaye hamu iliyoanza dakika ya kwanza imetua. Ukiwa na moyo, siku nyingine msikilize na hilo tendo la pili, ili ujue kilichokatwa.

Wagner alichapisha mwaka 1850 makala ya chuki dhidi ya Wayahudi katika muziki, akairudia mwaka 1869 kwa jina lake kamili. Nafundisha muziki wake na simtetei. Wanafunzi wawili tofauti waliniambia hawataki kumsikiliza, tukaruka.

Baada ya Tristan kulibaki swali: kama unaweza kuchelewesha saa nne, kwa nini urudi kabisa? Arnold Schoenberg, aliyekulia ndani ya Romantiki hiyohiyo ya Vienna, aliijibu mwaka 1908 katika Kwarteti yake ya Pili, ya vyombo vinne vya nyuzi. Sehemu ya mwisho, ambamo mwimbaji wa kike anaimba kuhusu hewa ya sayari nyingine, kwa sehemu kubwa haina nyumbani. Isikilize mara moja, hata kama hutaipenda, uone barabara hii ilikuwa inaelekea wapi.

Iwinde palipobaki

Wengi hudhani Romantiki ilikufa na mtunzi Mahler mwaka 1911. Ilihamia sinema. Max Steiner, aliyezaliwa Vienna mwaka 1888, ndiye aliyeandika muziki wa King Kong mwaka 1933. Erich Wolfgang Korngold, mtoto wa ajabu wa opera za Vienna, alikuwa Hollywood akiandika muziki wa The Adventures of Robin Hood mwaka 1938 wakati Austria inamezwa na Ujerumani ya Hitler. Alikuwa Myahudi, na mwenyewe alisema kazi ile iliokoa maisha yake. Hawa hawakuiga Romantiki kwa mbali. Ndiyo waliyolelewa nayo.

Kwa hiyo fanya hivi. Tazama filamu za Star Wars, ambazo John Williams alianza kuziandikia muziki mwaka 1977, na ufunge macho. Kila mhusika mkubwa ana wimbo wake, kama Wagner alivyofanya. Maandamano ya Darth Vader, yule adui mkuu, yalianza katika filamu ya 1980, kwa kishindo cha shaba, yaani tarumbeta na jamaa zake. Katika filamu ya 1983, Vader anapokufa, wimbo huo unarudi kwa kinubi, noti mojamoja, kwa sauti ndogo. Ni mbinu ileile ya Berlioz, ila yeye alimshusha mwanamke na Williams anamwinua Vader.

Harusini pia. Bibi harusi anayeingia kwa wimbo wa kwaya ya Lohengrin ya Wagner na kutoka kwa maandamano ya Mendelssohn anafuata mpango wa harusi moja, ya binti wa Malkia Victoria, tarehe 25 Januari 1858. Kwenye redio, All by Myself ya Eric Carmen, ya mwaka 1975, beti zake zimetoka sehemu ya pili ya Koncheto ya Pili ya Rachmaninoff. Carmen alidhani muziki ule hauna mwenyewe. Warithi wakajitokeza, akalazimika kuwalipa. Weka moja baada ya nyingine uone tofauti: wa redio unakufikisha kwenye kiitikio mapema, Rachmaninoff anakukatalia.

Ukienda ukumbini

Ukipata nafasi ya kusikia okestra ya kweli, kaa nyuma au juu badala ya mbele, ili usikie shaba na fidla zikichanganyika. Soma majina ya sehemu kabla taa hazijapunguzwa, ujue ziko ngapi.

Na makofi? Desturi ya sasa ni kungoja sehemu zote ziishe. Mtihani wake mgumu ni ile Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky: sehemu ya tatu ni maandamano yanayoisha kwa kishindo cha ushindi, ukumbi hulipuka kwa makofi karibu kila mara, kumbe bado ya nne, ya polepole, inayozama gizani kwenye selo na besi. Ukiwa umehesabu utajizuia. Usipojizuia, usione haya. Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, Desemba 1813, watu walishangilia sehemu ya pili mpaka okestra ikaipiga upya papo hapo, mtunzi akiwa mbele yao.